Nani Atalipia Jicho Hili? Mwongozo kwa Mgeni wa Kabongo

Hongera kwa kuteuliwa. Umesomea Nairobi, Dar es Salaam au Texas, unaweza kujaza dai la bima la jicho huku umesinzia, na sasa shirika fulani limekupa kompyuta, fulana yenye nembo na safari ya kwenda Kabongo, jimbo la Haut-Lomami, ukaanzishe huduma ya macho "itakayojiendesha". Neno hilo usilitamke mbele ya mhasibu wa hospitali ya pale. Ni mtu wa adabu, hatacheka. Atakuitikia tu, na kuanzia saa hiyo hatakuambia tena jambo la kweli.

Utapitia Kamina, makao makuu ya jimbo, kisha utatafuta njia ya kufika Kabongo, zaidi ya kilomita 150 kaskazini. Reli ipo. Ni ile inayotoka Kamina kwenda Kabalo, iliyokamilika mwaka 1956. Kama treni nayo ipo ni swali jingine, na jibu lake halipatikani kwenye ratiba. Muda wa kuingoja unatosha kabisa kusoma mwongozo huu.

Vya kuacha Kamina

Cha kwanza ni kitabu cha misimbo. Najua inauma kukiacha, maana ndicho kilichokulisha. Marekani, upasuaji wa mtoto wa jicho pamoja na kupandikiza lenzi huandikwa 66984. Mtoto wa jicho wa uzeeni aliyejijenga katikati ya lenzi ni H25.11 akiwa jicho la kulia, H25.12 akiwa la kushoto, H25.13 akiwa yote mawili. Ukisahau kuongeza RT au LT kuonyesha upande uliopasuliwa, dai linakurudia. Kope nne za binadamu zina alama nne, E1 hadi E4. Ukishampasua mtu, kumwangalia kwa siku 90 zinazofuata kumeshahesabiwa ndani ya malipo ya kwanza, kwa hiyo usithubutu kudai tena. Kupima miwani ni 92015, na Medicare, bima ya serikali ya huko kwa wazee, hailipii. Lakini mtu huyo huyo akishapasuliwa na kuwekewa lenzi, Medicare hiyo hiyo inamchangia miwani. Ukiuliza kwa nini jicho halistahili kitu mpaka lipitiwe na kisu, utaambiwa ndivyo kanuni ilivyo.

Sehemu ya magonjwa ya kitabu hicho, iliyoanza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015, ina hata namba ya mtu aliyedonolewa na kuku: W61.33. Kuku wa Kabongo nao hudonoa. Tena huja kliniki mara nyingi kuliko mkaguzi yeyote wa bima, lakini huja wamefungwa miguu, kwapani mwa mama mzee, nao ndio malipo. Hawana namba.

Cha pili cha kuacha ni matumaini yako kwa CNSS. Mfuko huo wa hifadhi ya jamii wa Kongo, uliopangwa upya kwa sheria ya Julai 2016, unashughulikia pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na posho za familia. Ugonjwa wa kawaida haumo. Sheria ya kazi ya 2002 inamtwika mwajiri matibabu ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wao, jambo zuri sana kwa mwenye mwajiri. Kabongo mwenye mwajiri ni mwalimu, mtu wa kanisa, mtu wa mradi unaokaribia kwisha, au mtu wa reli. Atakuletea bon, hati ya mwajiri ya kuahidi kulipia matibabu. Bon ina muhuri, na muhuri unapendeza kuutazama. Fedha yake itafuata nyuma ya mshahara wa mwenyewe, na malimbikizo ya mishahara ya reli yanajulikana Katanga nzima. Ipokee bon kwa mikono miwili, iweke kwenye faili, ila usiagizie dawa kwa kuitegemea.

Kuna pia sheria ya vyama vya kusaidiana, ya Februari 2017, na kuna Huduma ya Afya kwa Wote, iliyozinduliwa Kinshasa mwaka 2023 ikianza na uzazi na watoto wachanga. Zote mbili ni habari njema. Bibi wa miaka 70 mwenye ukungu machoni yumo kwenye foleni hiyo, nyuma kidogo.

Wala usijifariji kwamba jirani zetu wenye bima wamelala salama. Tanzania ina mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, tangu 2001, na tarehe 1 Machi 2024, kitita kipya kilipoanza, hospitali nyingi binafsi zilitangaza kwamba hazitawapokea wenye kadi kwa sababu bei haziwatoshi. Kenya iliifuta NHIF yake na kuanzisha mamlaka mpya, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024, na kabla haijatimiza mwaka makumi ya hospitali yakawa yamesimamishwa kwa madai yaliyotiliwa shaka. Penye bima kuna ugomvi wa bima. Kabongo umepungukiwa bima tu, ugomvi utaukuta umekamilika.

Jicho halina mstari

Usije ukadhani umefika kwenye utupu. Kongo imegawanywa katika zoni za afya zaidi ya 500, kila moja, kwa kanuni, na hospitali kuu ya rufaa, ofisi ya daktari mkuu wa zoni, na vituo vya afya vinavyoongozwa na muuguzi ambaye watu humwita IT tu, bila kueleza herufi hizo. Kila mwezi IT hukaa na daftari, rula na kalamu ya Bic akihesabu vijistari: vinne vimesimama, cha tano kimewalalia wenzake. Jumla inapanda hadi zoni, inaingizwa kwenye kompyuta, na huko juu inageuka kuwa takwimu ya taifa.

Halafu katikati ya miaka ya 2010 ukaja mradi wa Benki ya Dunia, PDSS, na Haut-Lomami ikawa miongoni mwa majimbo yake. Mradi huo uliwafundisha wauguzi wa huku kile ulichokaa darasani miaka kukisoma wewe: kituo kililipwa kwa kila tendo lililoandikwa na kuhakikiwa. Mashauriano mapya yalikuwa na bei yake, mtoto aliyezaliwa kituoni alikuwa na bei yake, aliyekamilisha chanjo alikuwa na yake. Wahakiki walifungua daftari na kuhesabu upya. Kisha vyama vya mtaani vilipewa majina machache viyatafute nyumba kwa nyumba. Je, mtu huyu yupo? Alikwenda kituoni kweli? Alitozwa ngapi? Nionyeshe kampuni ya bima ya Chicago inayotuma mtu kwa baiskeli kuthibitisha kwamba mgonjwa ni binadamu.

Tatizo ni kwamba katika orodha za namna hii jicho kwa kawaida halina mstari wake. Linaingia kwa mlango wa "mashauriano mapya", pamoja na kikohozi na tumbo. Mtoto aliyetoka kuugua surua, ambaye konea yake inaanza kulainika kwa kukosa vitamini A, na ambaye ana siku chache tu kabla hajapofuka, anahesabiwa kijistari kimoja. Mwenye mafua naye kijistari kimoja. Ndiyo maana unaweza kufungua daftari la mwaka mzima ukaona macho machache, kisha ukatoka nje ukakuta wazee wanashikwa mkono kuvuka barabara. Usiandike kwenye ripoti yako kwamba tatizo ni dogo.

Jicho liliwahi kupata hesabu yake lenyewe, na halikuhitaji kitabu. Kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kutoa ivermektini bure dhidi ya usubi kwa muda wote itakaohitajika, na katika vijiji vingi vya Kongo dawa hiyo hugawiwa na mtu aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe, mwenye daftari la kaya na fimbo yenye alama. Unasimama kando ya fimbo, na alama inayolingana na utosi wako ndiyo inayosema umeze vidonge vingapi. Usiyefika sentimita 90, rudi kwa mama yako. Anayezidi 158 anameza vinne. Urefu ndio msimbo, na fimbo haijawahi kurudisha dai.

Na kabla ya fimbo kulikuwa na lukasa. Unakwenda kwenye ardhi ya Waluba. Kabongo ni kiti cha moja ya koo mbili za kifalme, yenyewe na Kasongo Niembo, zilizogombania na hatimaye kugawana dola hiyo mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa utawala wa Wabelgiji. Watu wa chama cha Mbudye walihifadhi historia ya wafalme kwenye lukasa, ubao mdogo uliopambwa kwa shanga na kauri. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akaupapasa kwa kidole cha kulia, na kila ushanga ukampa mfalme, safari au mahali patakatifu. Ubao ule ule uliweza kusomwa tofauti, kufuatana na msomaji na waliokaa mbele yake. Kwa hiyo ukimweleza mzee wa Kabongo kwamba umeleta alama ndogondogo ambazo maana yake hubadilika kulingana na nani analipa, usitarajie ashangae.

Bima yenyewe

Sasa tumfikie mlipaji. Kabongo ina bima moja kubwa, ya zamani kuliko Ubelgiji, na kila mtu amezaliwa ndani yake. Ni ukoo. Makao yake ni kiti cha mzee, na mtandao wake ni simu ya mtoto anayechimba kobalti Kolwezi, ya mwalimu aliyeko Likasi, ya shemeji mwenye kibanda cha vocha Lubumbashi. Ina kibali cha awali, ina bei elekezi, ina mambo isiyoyalipia, na ina rufaa ambayo inasikilizwa usiku. Kila utakachokosea utakikosea hapa, kwa hiyo soma taratibu.

Mzee analetwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na mjukuu. Msalimie yeye kwanza, si mjukuu, na akikuitikia "Eyo vidye" jua amekuheshimu kupita stahili yako. Simama mita moja, nyosha vidole.

"Nkambo, vidole ngapi?"

"Vidole minaviona, dokta. Hesabu njo inakatala."

Hayo ni maelezo bora ya mtoto wa jicho kuliko yaliyomo kitabuni. Mpe karatasi ya herufi E aonyeshe kwa mkono miguu ya herufi inaelekea wapi, mulika tochi, tazama mboni iliyogeuka nyeupe, kisha andika. Faili ni la Kifaransa, kwa hiyo OD ni kulia na OG ni kushoto. Ukiandika OS kama ulivyofundishwa, mpasuaji ataelewa lakini karani ataandika kwamba mgonjwa hana jicho la kushoto. Nguvu ya kuona huandikwa kwa sehemu za kumi. Hiyo 6/6 yako itasomwa kama maksi za mtoto wa shule.

Hapo ndipo wewe ungebonyeza "tuma". Subiri. Mjukuu ametoka nje kupiga simu, na kibali cha awali kimeanza kutafutwa. Wazee watakaa. Wataitwa wa upande wa baba na wa upande wa mama. Hawatauliza jina la ugonjwa, watauliza kama jicho litarudi, kama mzee mwenyewe analihitaji bado, na nani alilifanya hivyo.

Kwa swali la kwanza, mwenye mtoto wa jicho ni mgonjwa wa ndoto. Bandeji ikitolewa kesho yake, mzee anamtaja mjukuu kwa jina kabla hajasema neno, uwanja mzima unapiga kelele, na yule wa Kolwezi aliyetuma fedha anasikia kelele hizo kwenye simu. Dai limelipwa na mlipaji amefurahi. Hutayaona hayo mara mbili katika maisha yako ya bima.

Sasa mlete mwenye glakoma, presha ya jicho. Presha inaua mshipa wa fahamu wa jicho pole pole, kuanzia pembeni, bila maumivu, na kilichokufa hakirudi. Matone ya timololi yanalinda kilichobaki, na yanatakiwa kila siku hadi mwisho wa uhai. Chupa ya kwanza inanunuliwa kwa moyo mweupe. Mwezi ukipita, simu inatoka Kolwezi: "Sasa anaona vizuri?" Unajibu kwa fahari kwamba anaona vile vile. Kwako wewe "vile vile" ni ushindi mkubwa. Kwa anayelipa ni ushahidi wa wizi. Chupa ya pili itakuja na maswali, ya tatu haitakuja. Usimlaumu kijana. Hakuna bima niijuayo, ya ukoo wala ya ghorofa, inayolipa kwa furaha kwa ajili ya jambo ambalo halikutokea.

Ninachokushauri ni hiki: kabla hujaandika dawa, ita familia ndani. Ziba jicho zuri la mgonjwa, mwambie atembee hadi mlangoni kwa lile lililokufa. Wamwone anavyogonga kiti. Kisha useme, "Matone haya ni kwa ajili ya jicho lile jingine lisifike hapa." Umewaonyesha wanachonunua. Haitoshi siku zote, lakini chupa ya tatu ina nafasi ya kufika.

Swali la pili, la uhitaji, linakata wengi. Mzee anayeona mlango na sahani yake ya bukari, ugali wa huku, ataambiwa na wanawe kwamba anaona vya kutosha. Na jicho la pili lina kanuni yake: baada ya mavuno ya mahindi. Wanasema jicho moja linatosha kwa mtu asiyesoma. Jibu kwamba mwenye jicho moja hukosea kina cha ngazi na shimo, na mfupa wa nyonga uliovunjika ni ghali kuliko lenzi. Hoja ya bei inasikilizwa pale ambapo hoja ya haki imepita bila kusikika.

Swali la tatu, la nani. Wewe unajua kwamba kitabu cha magonjwa cha kimataifa, toleo la kumi, kina sura nzima, ya 20, ya visababishi vya nje, kuanzia V01 hadi Y98: ajali, kuungua, kung'atwa, kuku. Ukoo nao una sura hiyo, na ndiyo inayoamua bili iende kwa nani. Ikiwa jicho liliharibiwa na husuda ya upande wa mke, upande wa mke utachangia.

Hapa naacha mzaha kidogo. Kikongwe aliyepika kwa kuni miaka 50 ana macho mekundu, na macho mekundu yamegharimu uhai wa vikongwe wengi, hasa kule Usukumani, Shinyanga na Mwanza, walikouawa kwa kuitwa wachawi. Mwongozo huu kwa jumla unakudharau wewe na namba zako, lakini katika jambo hili kalamu yako ina kazi. Andika chanzo kwa maneno wazi: uzee, moshi wa kuni, surua ya utotoni. Kisome kwa sauti mbele ya wote, kwa Kiswahili na kwa Kiluba, tena kabla kikao hakijafika sura ya 20. Ugonjwa uliokwisha kuandikwa na kupigwa muhuri ni vigumu zaidi kumbandika bibi wa jirani.

Fedha zikija

Bei zibandike ukutani, kwa franga, zikiwa zimepitishwa na kamati ya afya ya eneo. Ukitoza bei moja kwa ugonjwa mzima, dawa ikiwemo, amua mapema kama macho mawili ni ugonjwa mmoja. Siku ule wekundu wa kuambukiza ukiingia mjini, ule ulioitwa Apolo tangu ulipozuka Ghana mwaka 1969 watu walipotua mwezini, familia ya watu tisa itakuja na macho kumi na manane na fishi moja ya mgonjwa.

Usichambue bili. Kule Marekani kuligawa tendo moja vipande vipande ili kudai zaidi ni kosa, na mashine inalikamata. Huku linakamatwa na shangazi. Ukiandika "upasuaji", utalipwa. Ukiandika upasuaji, glavu, pamba, matone na kitanda, watalipa upasuaji na kukuuliza glavu umekwenda nazo wapi.

Dola inapokelewa, lakini si yenye tundu, si iliyochanika pembeni, wala ile ya zamani. Itazame kwenye mwanga mbele ya aliyeitoa, hataona vibaya, naye huitazama hivyo hivyo. Kwenye Airtel Money au M-Pesa, taja kiasi pamoja na cha kutolea. Usipokitaja, kitakatwa kwako, na ukoo utahesabu kwamba umelipwa chote. Rehani nayo italetwa: baiskeli, simu, hata kadi ya kura. Kadi usiipokee, mtu hana kitambulisho kingine. Baiskeli nayo ifikirie mara mbili, maana mahindi ya kukulipa wewe yanakwenda sokoni juu yake.

Stakabadhi andika tatu: ya mgonjwa, ya mzee wa ukoo, na ya kupigwa picha iende WhatsApp Kolwezi. Zifanane hadi nukta. Tofauti ya franga 500 kati ya stakabadhi mbili itajadiliwa kwa muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe.

Ukaguzi unafanyika Desemba, mjomba akija kwa Noeli. Haji kliniki. Anamkalisha mzee kivulini, anarudi nyuma hatua kadhaa, anatoa mfukoni noti mbili, ya 10,000 na ya 20,000, na kumuuliza ipi ni ipi. Mzee akizitaja sawa, jicho la pili limepata kibali bila kusubiri mahindi. Andika tarehe ya upasuaji siku hiyo hiyo, na chukua malipo ya kwanza kabla mjomba hajaanza kuulizia treni ya kurudi.